Mzigo wa Unguja

Sauti ilitoka nyuma ya ua wa matete wakati Teodora amerushiwa povu la sabuni machoni, na mikono yake yote miwili imemshika mtoto asiteleze ndani ya karai. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya mtu wa pwani. Ilisema imesikia watu wa nyumba hii wanakwenda Unguja, na kwamba ina kimzigo chake kidogo cha nyumbani, je, watamfikishia?

"Lete tu, dada," Teodora akajibu, amefumba macho. "Tutabeba."

Alijibu bila kufikiri, na hapo hapakuwa na ajabu. Katika nyumba za reli za Mwanza hakuna aliyekataa mzigo wa mwenzake. Mtu wa reli akipata likizo alipewa pasi ya kusafiri bure, yeye na mkewe na mtoto, na wale wasio na pasi walileta vyao: kikapu cha sato wakavu cha shangazi aliyeko Tabora, mkeka wa bibi harusi, kuku aliyefungwa miguu. Wakati wa kurudi, ndoo ya asali ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Kukataa mzigo ilikuwa kama kumnyima mtu maji ya kunywa, na kuuliza umefungwa nini ndani ilikuwa aibu zaidi.

Ajabu ilikuwa jibu. Sauti ilisema, "Nimekwisha kuuweka, mama. Umenifaa sana."

Teodora akajifuta macho kwa kanga, akachungulia juu ya ua. Hapakuwa na mtu. Njia ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mawe makubwa ya mlimani, haina kona wala kichaka, na hata mtu mwenye mbio za swala asingekuwa ameimaliza. Mzigo nao haukuwepo. Palikuwa na harufu tu, ya udi na karafuu, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya chumba kilichofungwa miaka mingi.

Akajisemea kwamba labda mwenyewe atarudi. Akainama kumtoa mtoto kwenye karai, na mtoto hakunyanyuka.

Alidhani amenasa mahali. Akamshika vizuri kwapani, akavuta, na Odeta akaja juu polepole, maji yakimchuruzika, anacheka, meno yake mawili ya chini yanang'aa. Hakuwa amenasa popote. Alikuwa mzito.

Safari yenyewe ilianza kama maneno ya dukani. Bachubai, mjane wa Kihindi mwenye duka la nguo karibu na stesheni, alizaliwa Unguja, na ingawa alikuwa Mwanza tangu kabla ya reli kufika, mdomo wake haukuwahi kuhama kule. Teodora alikwenda kununua uzi, akarudi na mji mzima kichwani: taa za umeme barabarani, watu wanaotembea usiku kama mchana, Forodhani na moshi wa mishikaki, barafu inayosagwa na kumiminiwa sharubati nyekundu, wauza kahawa wanaogonganisha vikombe, sinema, vinanda na ngoma kila kona, na vichochoro vyembamba hata jirani anaweza kumpa jirani chumvi kwa dirishani. "Wewe fika tu," Bachubai alisema. "Kaa pale baharini jioni, usifanye kitu. Tazama watu. Utarudi hapa umepona ugonjwa ambao hukujua unao."

Teodora alisoma kwa masista mpaka pale msichana aliporuhusiwa kufika, na kisiwa hicho alikijua kwenye ramani ya ukutani, kitone cha kijani ndani ya bluu. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda mbali kuliko kuvuka ziwa mpaka Sengerema. Tangu amzae Odeta dunia ilikuwa imebaki ua mmoja, kamba moja ya nguo, na filimbi ya treni inayoondoka na watu wengine. Kwa hiyo Venant, mumewe, karani wa mizigo pale stesheni, aliposema likizo yake imekubaliwa na wanaweza kwenda popote reli inapofika na mbele yake kidogo, Teodora hakungoja amalize. Kila jioni walipanga. Treni mpaka Tabora, Tabora mpaka Dar es Salaam, kutoka hapo meli. Walikwisha kukubaliana hata gauni atakalovaa Odeta siku ya kushuka bandarini, lile la njano.

Sasa mtoto akawa anaongezeka uzito na haongezeki mwili. Mbeleko ikachanika. Kamba za kitanda zikakatika upande anaolala. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na asubuhi moja, baada ya mvua, Teodora aliona nyayo zake uani: vidole vidogo kama punje za mahindi, na shimo la kila unyayo limezama kama amepita mtu aliyebeba gunia.

Alimwonyesha mumewe. Venant akacheka. "Mtoto anakua, Mama Odeta. Ulitaka apungue?"

"Mbebe wewe."

"Nambeba kila siku."

"Mbebe sasa."

Akambeba. Teodora alimwona akirekebisha miguu yake, kama anavyofanya mtu ambaye mzigo umemdanganya. Hakucheka tena. Alisema wampeleke kwenye mzani, wamalize ubishi.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, ghala la mizigo halina mtu, marobota ya pamba yamepangwa mpaka kwenye paa, na jua linaingia kwa matundu ya mabati. Venant alimweka Odeta katikati ya mzani mkubwa wa magunia, pale anapoweka karanga na mpunga wa watu kila siku. Mtoto akakaa, akapiga chuma kwa viganja. Mkono wa mzani ukaruka juu, ukagonga. Venant akatia jiwe dogo, mkono haukushuka. Akatia la pili. Akatia lile linaloshikwa kwa mikono miwili. Alikuwa anafanya kazi yake kimya, kama mtu anayepima mali ya mteja mkorofi, na Teodora alimwona jasho linamtoka nyuma ya masikio. Mkono ulipotulia, Odeta alikuwa sawa na gunia la karanga lililojaa.

Venant akamtoa. Akapanda yeye. Mzani ukasema kweli. Akamrudisha mtoto, mzani ukasema yale yale. Ndipo Teodora alipomweleza habari ya sauti ya nyuma ya ua, maneno yakimtoka yote kwa pamoja, povu, karai, harufu, "lete tu dada", na Venant alimsikiliza mpaka mwisho huku ameshika jiwe la mzani kifuani kama mtoto mwingine.

"Basi hatuendi," akasema. "Likizo tutakaa hapa hapa. Hatuendi Unguja."

Bamba la mzani likashuka kwa kishindo mpaka chini kabisa. Odeta alifungua mdomo na hakulia. Kifua chake kiliingia ndani, mbavu zikajichora kama vijiti vya kapu, na pumzi ikawa inapita kwa mluzi mwembamba, mluzi wa upepo unaopita chini ya mlango. Venant alijaribu kumnyanyua, akashindwa. Teodora alipiga magoti pale pale kwenye vumbi la pamba.

"Sema tunakwenda," akanong'ona.

"Mama Odeta, nini—"

"Sema. Sema tunakwenda."

"Tunakwenda," Venant akasema. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Tunakwenda Unguja. Sote. Tunakwenda."

Bamba likapanda kidogo. Mtoto akavuta hewa, kisha akalia, na kilio hicho kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote Teodora alivyowahi kusikia.

Jioni ile walisali rozari, mishumaa miwili, milango imefungwa. Uzito haukupanda wala haukushuka. Ulikaa tu, kama mgeni mwenye adabu anayengoja wenyeji wamalize sala zao. Walipomaliza, palipokuwa kimya, mluzi ukaanza tena.

Wakaelewa wanachotakiwa kufanya. Venant alivuta kiti upande mmoja wa kitanda, Teodora akakaa upande wa pili, na wakaanza kupanga safari. Walianza na treni, kiti gani, chakula gani cha njiani, viazi vya kuchemsha na mayai, na mluzi ukatulia. Wakafika Tabora, wakabadili treni, wakapita mbuga na milima ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona, wakashuka Dar es Salaam, wakapanda meli, na kila waliponyamaza kumeza mate kifua cha mtoto kiliingia ndani kidogo, kwa hiyo walijifunza kupokezana, huyu akikaribia mwisho wa sentensi yule anaanza yake, kwa sauti za chini sana ili majirani wa upande wa pili wa ukuta wasisikie watu wazima wawili wakihadithiana likizo kama wendawazimu. Venant alisema wakitoka bandarini watakata kushoto kwenda Darajani, na mbavu za mtoto zikajichora. "Kulia," Teodora akasema haraka, akibahatisha, na mbavu zikafunikwa. Hivyo ndivyo walivyooneshwa njia, kwa pumzi ya binti yao, kushoto amekosa, kulia amepata, mbele, tena mbele, mpaka wakaujua mji ule kwa namna ambayo hakuna mtu anayepaswa kuujua mji.

Na habari za Bachubai zilipokwisha, na hata zile walizozitunga wao zikakwisha, Teodora alisikia mdomo wake unaendelea wenyewe. Alisema kuna mlango wenye misumari ya shaba iliyochakaa upande wa chini kwa kuguswa na mikono, na ndani yake kuna ngazi, ya tatu imelegea, uipande kwa pembeni, na juu kuna chumba chenye dirisha la kioo cha bluu ambalo jua la jioni likipita linaigeuza mikeka kuwa maji, na kwenye kona kuna kitanda kirefu chenye kilalio chekundu kilichotandikwa siku ile ya kuondoka na hakijatandikuliwa na mtu tangu hapo, kwa sababu mwenye chumba alisema anakwenda bara mara moja na kurudi.

Odeta, usingizini, akatabasamu. Halikuwa tabasamu lake. Lilikuwa refu mno kwa uso ule.

"Hayo umeyasikia wapi?" Venant akauliza.

"Sijui," Teodora akasema. "Baba Odeta, endelea wewe. Tafadhali, endelea wewe."

Kulipopambazuka alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili na mkanda wa begi juu yake, akaenda dukani kwa Bachubai, anapumzika kila baada ya nguzo ya simu. Mwanamke mzee alikuwa anafungua mbao za mlango. Alimwona Teodora anavyotembea, akaziacha mbao.

"Amekuuliza," akasema.

Teodora hakuwa bado ametamka neno.

Bachubai akamvuta ndani, akamkalisha kwenye marobota ya kaniki, na akaeleza huku anakunja na kukunjua kipande kile kile cha kitambaa. Hata yeye huulizwa. Kila mwaka anapotoa sanduku, kila anaposema safari hii nakwenda kuwaona ndugu zangu, sauti huja nyuma ya dirisha la ghala, na heshima zake zote, ikiomba kufikishiwa kimzigo. Na kila mwaka yeye hurudisha sanduku chini ya kitanda. Wao, watu wa kule, walifunzwa tangu wakinyonya kwamba sauti isiyo na uso haijibiwi, hata ikulilie. Lakini kutojibu si kwamba inaondoka. Inangoja mlangoni mpaka uache kusafiri.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nyinyi watu wa bara hatawaona," Bachubai akasema. "Hana habari na nyinyi miaka yote hii." Kisha, kwa sauti ndogo, kwa sababu hakuwa mtu mbaya: "Na nilitaka mtu aende. Nilitaka mtu aje akae hapa aniambie kama lile duka la halua bado lipo."

Teodora alikuwa na maneno ya kumwambia, makali, ameyaandaa tangu nguzo ya simu ya kwanza. Hakuyasema. Aliuliza nani anaweza kuutoa. Bachubai akamtajia mwanamke anayemuuzia samaki, Ng'washi, wa Mkuyuni, kwenye ufuko, ukifuata moshi.

Ng'washi alikuwa mwanamke mfupi, macho mekundu kwa moshi, anageuza samaki juu ya uchaga kwa vidole vitupu. Venant alikuwa ameomba ruhusa kazini, akaja na baiskeli, mtoto amefungwa kwa mkanda wa begi kwenye kapu la nyuma na gurudumu limelala. Wakamwamkia. Akaitikia marahaba bila kugeuka, akasema ngojeni huyu asiungue.

Alipomshika Odeta hakumnyanyua. Aliweka kiganja tu tumboni, kama mtu anayepapasa gunia kujua ni mtama au uwele. Akacheka kidogo puani.

"Nyinyi watu wa reli," akasema. "Mnabeba kila kitu. Iko siku mtaletewa jeneza, mseme lete tutabeba."

Kisha akawaeleza, na mikono yake haikuacha samaki. Mwenye sauti ile ni jini, aliletwa na tajiri mmoja wa misafara ya pembe za ndovu, enzi za baba yake Ng'washi, ambaye alikuwa mpagazi na alikwenda pwani kwa miguu na kurudi mpaka nyayo zikawa kama kwato. Tajiri alimfuga jini kwa ajili ya mali, akamtoa nyumbani kwake Unguja, akamwambia twende bara mara moja. Tajiri akafa hapa ziwani kwa homa. Hakumrithisha mtu, hakumrudisha. Jini habebi mwili wake mwenyewe kwenye njia ndefu. Anabebwa, tena kwa ruhusa. Miaka yote hii anatafuta mtu wa kusema ndiyo.

"Hana ubaya na nyinyi," akasema Ng'washi. "Anataka kwao."

"Anamuua mtoto wangu," Teodora akasema.

"Anamuua, ndiyo. Lakini si kwa ubaya. Huyu ni mdogo, ndani hamna nafasi. Mzigo unakaa mahali pa kitu. Kwake umekaa mahali pa pumzi, maana hana kingine. Tabora hafiki."

Venant akasema amtoe, alipe chochote, ng'ombe, chochote. Ng'washi akatikisa kichwa. Mzigo uliokubaliwa hautupwi njiani, hata baba yake hakuwahi kutupa. Aliyechoka alipokewa na mwenzake, na mwenzake akaendelea mpaka mwisho wa safari. Basi, hakuna dawa nyingine. Venant akavua kofia, akasema nipokee mimi. Ng'washi akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayestahili kutazamwa.

"Moyo unao, baba. Lakini si wewe uliyesema lete."

Wote wawili wakamgeukia Teodora, na yeye alikuwa tayari anafungua mkanda wa begi kutoka kiunoni mwa mtoto. Aliuliza jambo moja tu: kwake utakaa mahali pa nini?

"Wewe mtu mzima, una vitu vingi ndani," Ng'washi akasema. "Utapoteza kimoja. Pengine viwili. Hutachagua. Na ukishapokea, usimbebe tena mtoto huyu, wala asipande na wewe treni moja. Njia ya kuingia kwake anaijua. Uende peke yako, umfikishe, mlangoni kwake, umwambie tumefika. Ukirudi, umerudi."

Teodora akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya mwanawe. Odeta alikuwa amechoka hata kulia, midomo imepauka, macho makubwa. Mama yake akasema maneno ambayo kila mtu wa nchi hii anamwambia mwenzake akikutana naye njiani na mzigo kichwani, maneno ya adabu tu, aliyoyasema maelfu ya mara bila kuyasikia.

"Nikupokee."

Kwanza hakuna kitu. Mawimbi madogo ya ziwa, mafuta ya samaki yanadondoka kwenye moto. Halafu kikamshukia mabegani kitu baridi, kikapita shingoni, kikaingia kwa utaratibu, kama mtu anayeingia nyumba ya watu kwa kuvua viatu kwanza, na magoti yake yakazama mchangani mpaka mapajani. Harufu ya udi ikamjaa kooni. Mbele yake Odeta akapiga chafya, akasimama kwa miguu yake mwenyewe, akakimbia hatua zake za kuyumba mpaka kwa baba yake, na Venant alipomdaka, alimrusha juu bila kukusudia, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Akamkumbatia, akaanza kulia kwa sauti, mwanaume mzima, mbele ya samaki.

Siku zilizobaki walizipitisha kwa uangalifu mkubwa. Teodora alilala sakafuni, maana kitanda hakikumweza. Odeta alilishwa na baba yake, aliogeshwa na baba yake, na kila alipomnyooshea mama mikono, Venant alimwonesha ndege, mbuzi, chochote. Teodora alikaa upande wa pili wa ua akimtazama anavyonenepa, anavyoanguka na kuinuka. Ilikuwa inatosha. Alijiambia hivyo, inatosha, mwezi mmoja tu, kwenda na kurudi.

Alikuwa anajichunguza, kama mtu anayekagua nyumba baada ya mwizi. Siku ya kwanza alikuta jina la sista aliyemfundisha hesabu halipo. Siku nyingine alisimama jikoni na hakukumbuka viberiti hukaa wapi, na walipokuwa wakiimba kanisani ubeti mzima haukuja. Akacheka, akamwambia Venant, kama ni hivi tu, heri. Venant hakucheka. Mahali pa vitu hivyo palikuwa na vingine: alijua ngazi ya tatu imelegea. Alijua sauti ya mto wa watu wanaotoka kuswali Ijumaa. Alianza kuitamani ile harufu ya pwani kwa njaa halisi, ya tumboni, hata chakula cha Mwanza kikawa hakina ladha, na jioni alikuta ameelekea mashariki bila kujua amegeuka saa ngapi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, aliliita jina la mwanawe kutoka ng'ambo ya ua. Odeta. Mtoto alicheka na kuitika. Lilikuwepo. Siku ya safari pia aliliita, mara mbili, na lilikuwepo.

Stesheni ilijaa kama kawaida ya siku ya treni. Watu walimletea mizigo yao, sato, mikeka, chupa ya samli, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba za reli Teodora alikataa, na wanawake wakaguna kwamba safari ya Unguja imempandisha kichwa. Bachubai alikuja na kanga mpya, akaiweka mikononi mwa Teodora, akaondoka upesi. Venant aliagana na mkewe mlangoni pa behewa, akamshika mikono yote miwili kwa muda mrefu, akamwambia atakuwa kwenye uzio, mbali kidogo kwa tahadhari, amwone mtoto mara ya mwisho kabla treni haijaondoka. Bachubai alikuwa amemwazima binti yake wa kazi kumshika Odeta kule. "Nenda, mama," Venant akasema. "Fikisha, urudi."

Teodora akaketi dirishani. Benchi likalia chini yake, na mama mmoja wa Kihaya aliyekaa mbele yake na kikapu cha senene akamtazama, akasogeza miguu. Filimbi ikapigwa. Behewa likashtuka, magurudumu yakaanza kazi yake nzito, na wakati ule ule kitu ndani yake kikashtuka kwa furaha, furaha kubwa ya kurudi nyumbani, iliyojikunjua na kujinyoosha kama mtu aliyelala kifudifudi miaka hamsini, ikitafuta pa kuweka mikono, ikisukuma huku, ikisukuma kule, mpaka ikapata nafasi ya kutosha, na Teodora akajikuta anatabasamu.

"Mumeo yule anakupungia," mama wa Kihaya akasema. "Pale kwenye uzio. Hujamwona?"

Akamwona. Alimtambua mara moja, kofia ya kazi, mabega yaliyoinama kidogo, na moyo ukamwenda kwa mapenzi kama siku zote. Alikuwa amempakata kitoto cha kike chenye gauni la njano, anakinyanyua juu kabisa, juu ya kichwa chake, na kitoto kilikuwa kinanyoosha mikono kuelekea treni na kulia, kinaita, mdomo wazi, meno mawili. Kitoto kizuri. Kilikuwa kinamlilia mtu humu ndani.

Teodora alitoa kichwa dirishani, akaweka viganja mdomoni ili sauti imfikie.

"Venant," akaita. "Mpeleke huyo mtoto kwa mama yake. Jua ni kali."